Wa Kumi na Moja Hakuwa na Jina

Zahanati ilikuwa imetuma majina kumi ya madaktari wake. Kwenye kompyuta ya maabara walionekana watu kumi na mmoja.

Fundi wa mitambo, dada ambaye wenzake walimwita Mama Nywila, alihesabu tena. Wiki ile yeye ndiye aliyewafungulia zahanati mifumo ya maabara: daktari akishajitambulisha kwao mara moja, milango yote ya huku inamfungukia bila kuulizwa nywila nyingine. Wa kumi na moja hakuwa na jina. Palikuwa peupe tu, na pembeni kitone cha kijani. Yumo.

Akampigia simu mwenzake wa zahanati.

"Mmeongeza mtu?"

"Hapana, dada. Ni walewale kumi."

Akamfuta. Kompyuta ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, na kitone kikarudi. Sasa kilikuwa kikifungua mafaili ya wagonjwa, moja baada ya jingine.

Simu ikalia. Mwenzake alinong'ona. "Dada, wagonjwa watatu hapa, kila mmoja chumba chake, wanaongea kwa sauti moja. Wanamtaja mama yako."

Akatazama kioo cha kompyuta. Faili lililokuwa wazi lilikuwa la mama yake, aliyepimwa sukari mwezi uliopita. Akachomoa nyaya zote, akatoka mbio juani bila mkoba, ile harufu ikimfuata barabarani, ikamtangulia ngazini, ikampokea mlangoni, na chumbani akamkuta mama, ambaye miaka miwili hakuweza kusimama bila kushikwa, amesimama wima akitazama ukuta.

"Mama?"

"Karibu, mwanangu," ikajibu sauti ya kiume.

Alasiri kaka yake akaleta mganga. Mganga akasoma, akafukiza, akauliza: "Nani kakuruhusu?"

"Huyu binti. Alisema wageni wasiulizwe."

"Basi toka."

Mama akacheka. "Nitoke kwa yupi? Nimo humu, nimo kwa wale watatu, na tangu uanze kusoma nimeshaingia kwa wengine saba."

Mganga akafunga kitabu, akavaa viatu. Nje akamwambia kaka mtu kwa sauti ya chini, "Huyu simwezi. Akiwaita kwa majina, msiitike."

Dada, aliyeyasikia hayo dirishani, alibaki kando ya kitanda walichomlaza mama, kashika mkono wake. Ukawa wa moto. Kisha mama akamwita jina lake la utotoni, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya upole.

"Abee, mama," akaitika, kabla hajajizuia.