Ngobi ya Mukashema

Hii asimuliwe mtu mzima. Mwenye mtoto mgongoni amshushe kwanza, amlaze, ndipo aje kusikiliza.

Jioni hiyo, mwaka 1954, Straton Kabera alibaki peke yake dukani kufungua sanduku la vitabu. Lori la Goma lilikuwa limekwama matopeni, likafika jua limeshainama, na dereva alilishusha sanduku mlangoni akaondoka bila kuzima injini. Kazi iliyobaki haikuwa kubwa: kung'oa misumari, kupiga kila kitabu muhuri, kuvipanga kwenye rafu. Kisha afunge, atembee saa moja hadi kwao Kirolirwe, akamwone mtoto wake aliyekuwa mgonjwa.

Duka lilikuwa chumba kimoja ndani ya makumbusho aliyoyajenga Mzungu mmoja mzee juu ya kilima, kando ya barabara ya Kalembe. Yule mzee wote walimwita Musieu, na makumbusho yake waliyaita Nyumba ya Vitu vya Wazee. Ndani mlikuwa na vinyago vya misitu ya Walikale, vikapu vya Buleusa, vigoda na mikuki, vyote nyuma ya vioo. Ukimaliza kuviona unaingia kwa Straton, na huko vinauzwa vitabu vya sanaa tu, vikubwa, vizito, vyenye picha za vitu vilevile ulivyotoka kuviona. Wenyeji walicheka wakachoka. Mtu ameona kigoda kwa macho yake, halafu anakwenda kukitafuta tena kwenye karatasi! Straton hakucheka. Alivipenda vitabu vile kuliko tai yake, na tai yake aliipenda kwelikweli.

Mfukoni alikuwa na ufunguo wa vioo vyote. Ukumbuke huo ufunguo.

Nyuma ya kioo kimojawapo ilining'inia ngobi. Ngobi ni ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto mgongoni, iliyolainishwa kwa siagi mpaka ikakubali kukunjwa vyovyote. Hii ilikuwa na shanga nyeupe ukingoni, na ilikuwa imembeba Straton mwenyewe na ndugu zake sita. Mama yake, Nyiramana, ndiye aliyemkabidhi mkewe Straton, Mukashema. Na katika nyumba yao mwiko wa ngobi ulikuwa mmoja tu: haivuki kizingiti kabla mtoto wa mwisho hajakivuka kwa miguu yake mwenyewe.

Mukashema alikufa siku tatu baada ya kumzaa Colette. Colette alipofikisha miezi sita, Straton aliitoa ngobi ukutani akaipeleka kwa Musieu.

Kwa nini? Kwa ajili ya karatasi. Alikuwa ameomba karati ya évolué, cheti ambacho Wabelgiji walimpa Mwafrika waliyemwona "amestaarabika", na watu wa komisyo walikuwa waje nyumbani kwake kukagua vitanda, sahani, uma, na pembe za nyumba. Alitaka wakute kitanda cha mtoto cha mbao, kilichopakwa rangi nyeupe. Hakutaka wakute ngozi inayonuka siagi. Musieu naye alikuwa anatafuta ngobi nzuri ya kuweka kwenye kioo na ya kupigwa picha katika kitabu kipya. Basi mambo yakaenda sambamba, na mwenye macho ya kuona mbali hakuona kizingiti cha mlango wake.

Siku ile mama yake alimsimamia mlangoni.

"Straton, mutoto hayatembea bado."

"Mama, ile ni ngozi tu. Siye tuko Wakristo."

"Nilikuwa Mukristo mbele yako. Miye njo nilikupeleka ku batisimu. Lakini mutoto hayatembea bado."

Alipita ubavuni mwa mama yake na ngobi kwapani. Alipovuka kizingiti, Colette alilia ndani ya kitanda chake cheupe.

Miezi miwili baadaye mtoto alianza kudhoofika. Alilia sana, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo Nyiramana alipoogopa. Asubuhi ya siku hii ninayoisimulia alimwambia mwanawe maneno mafupi: "Leo urudi nayo." Straton alijibu kwamba atamwomba Musieu akirudi kutoka Goma. Alijibu hivyo ili apate kuondoka. Ufunguo, kama nilivyosema, ulikuwa mfukoni mwake.

Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kuziba dirisha. Alitoa kitabu cha kwanza. Kilikuwa ndicho kile kipya. Alifunua mpaka ukurasa wa sitini na tatu.

Ngobi ya Mukashema.

Lakini ilikuwa imevimba. Yeye aliipeleka ikiwa tupu, imekunjwa mara nne, na tangu siku ile hakuthubutu kukitazama kioo chake; na hapa pichani ilikuwa imetuna katikati, imejaa, imeshuka kidogo kwa uzito, vilevile inavyokaa mtoto anapokuwa ndani.

Alikifunga. Alichukua kitabu cha pili, ukurasa uleule. Cha tatu...

Vyote sawa.

Ndipo harufu ikamfikia. Siagi. Siagi ya zamani, na ngozi ya kondoo iliyolowa mvua, na maziwa. Alinusa kitabu. Kitabu kilinuka wino tu.

Ubao wa sakafu ulilia nyuma yake.

"Musieu wa vitabu."

Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa pekupeku, amelowa, kikwembe kimemfunika kichwa na uso. Mikononi alishika kitu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Tumefunga, Mama. Mukuye kesho."

"Iko picha ya ngobi?"

Alinong'ona, na Straton, mazoea ya kazi yakamtangulia, alimfungulia kitabu mezani. Mwanamke alisogea. Alipitisha kidole juu ya karatasi, polepole, kwenye shanga, kwenye kamba, kwenye ule uvimbe wa katikati. Kilipopita kidole, karatasi ililowa.

"Hii ni picha," alisema. "Niko natafuta yenyewe."

Kisha akaanza kuimba kwa pua, wimbo wa kubembelezea usio na maneno. Mmm... mmm... Na kila baada ya pumzi mbili aligonga ulimi mara moja. Tk.

Straton aliujua ule mlio wa ulimi. Alilala kando yake miaka minne.

Alitaka kukimbia, na alitaka kumkumbatia, na miguu haikukubali hili wala lile.

"Mukashema?"

"Fungua kioo, Straton. Ufunguo iko mu mufuko yako."

Chini ya kitambaa, mikononi mwake, kitu kilijinyoosha kidogo. Kikatulia.

Straton hakukitazama. Alikuwa anawaza haraka, na aliwaza vibaya. Alikumbuka maneno aliyoyasikia utotoni, yale aliyojifanya ameyasahau: mama aliyekufa akiacha mtoto wa kunyonya humrudia, na ukimpa cha kubebea umempa mtoto. Kumbe kuvaa tai hakumzuii mtu kuyakumbuka. Aliuficha mkono mfukoni, akaukamata ufunguo mpaka meno yake yakamchoma kiganjani.

"Hapana," alisema. "Utamubeba mutoto wangu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kikwembe. Tone... tone...

"Mikono yangu iko baridi, Straton. Mutoto anasikia baridi."

"Hapana! Rudi kwenye ulitoka!"

Hakubishana. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kubishana. Aliuangalia mlango wa chumba cha vioo, akamwangalia mumewe, bila hasira yoyote. Afadhali angekasirika. Kisha alikibana kile alichokishika kifuani, akarudi kinyumenyume mpaka ukungu ukammeza.

Straton alifunga duka, akakimbia. Aliteremka kilima akiteleza, kiatu kimoja kikabaki matopeni asikirudie. Na, Mungu amsamehe, njiani alikuwa na furaha. Amemshinda! Hakumpa! Alijiona baba aliyesimama kati ya mwanawe na kaburi. Aliapa kwamba kesho atairudisha ngobi nyumbani, mama yake atambeba Colette, na Colette atapona, atatembea, atavuka kizingiti mbele ya macho yake.

Alipofika karibu na nyumba aliuona moto nje, na watu wameuzunguka, wamekaa chini. Hakuna mtu anayekaa nje katika ukungu wa milima ya Masisi bila sababu.

Nzabandora, jirani yao, aliinuka akavua kofia.

"Mutoto iko wapi?" Straton aliuliza.

Nyiramana alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, mikono mapajani imefunguka.

"Ulikuwa wapi, mutoto wangu? Nzabandora alikufwata. Ukungu ikamupoteza njia, akarudi."

"Mama. Mutoto iko wapi?"

"Alisha kwenda. Jua ilikuwa ingali juu. Alikuwa baridi, Straton. Nilimufunika na vikwembe vyote vya nyumba, nikamuweka ku tumbo yangu. Baridi haikutoka."

Jua lilikuwa lingali juu. Kabla ya lori. Kabla ya sanduku. Kabla ya mtu yeyote kusimama kizingitini na kumwita Musieu wa vitabu.

Straton alikaa chini pale pale, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mukashema hakuwa amekuja kumchukua mtoto. Mtoto alikuwa naye tayari, mikononi, chini ya kile kitambaa. Njia ilikuwa ndefu na mikono yake ilikuwa baridi, akapita kwa mumewe kuomba cha kumbebea. Naye alimnyima.

Alilia kwa sauti ambayo Kirolirwe walikuwa hawajaisikia kwa mwanamume. Nyiramana hakumwambia nyamaza. Hakumwambia pia nilikuambia.

Kulipopambazuka alirudi kilimani. Alifungua kioo kwa ule ufunguo. Uligeuka mara moja, bila shida, na hilo lilimuuma kuliko yote. Ngobi ilikuwa kwenye kigingi chake, imetuna kama ilivyokuwa kwenye picha. Aliingiza mkono ndani.

Tupu.

Ngozi ilikuwa na joto. Chini, pale makalio ya mtoto yanapokaa, ilikuwa imelowa.

Walimvika Colette ngobi ile, shanga nje, wakamzika kando ya mama yake. Nyiramana alifunga kamba mwenyewe, akazikaza, akapima kwa vidole kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari ya sokoni.

Musieu aliporudi kutoka Goma alifoka juu ya kioo kitupu, lakini hakumfukuza. Nani mwingine angesoma majina ya vile vitabu? Straton alimwuliza jambo moja tu, kwa nini ngobi ilivimba kwenye picha. Mzee alishangaa swali. Alikuwa ameijaza nyasi kavu yeye mwenyewe, alisema, ili umbo lake lionekane, na nyasi hizo hakuzitoa tangu siku ile. Straton alimshukuru. Hakumwambia kwamba ndani hakukuwa na unyasi hata mmoja.

Karati yake ya évolué ilikuja mwaka uliofuata. Aliitupa chini ya sanduku la nguo.

Tangu hapo kila jioni alichelewa kufunga. Ukungu ulipopanda aliuacha mlango wazi, akakaa nyuma ya meza, akisikiliza ubao wa sakafu. Watu wengine huogopa wafu wasije wakarudi. Straton alimngojea wake. Alikuwa na maneno ya kumwambia, ameyapanga vizuri, mafupi. Mukashema hakuja tena.

Kilichokuja ni kingine. Siku moja mke wa Mzungu mwenye shamba la kahawa alifungua ukurasa wa sitini na tatu, akatabasamu.

"Angalia kaguu kadogo! Huyu ni mutoto wa nani?"

Straton alizunguka meza akatazama. Aliona ngozi. Aliona shanga.

Padri mmoja aliona nywele. Baadaye alikuja Benoît, mwindaji wa Walikale aliyeleta kinyago kwa Musieu, mtu asiyejua kusoma wala habari za Kirolirwe. Alifunua kitabu kwa kupitisha muda, akafika hapo, akainama, akashusha sauti.

"Ule mutoto iko nalala muzuri," alisema.

Siku hiyo Straton alifunga duka mapema, akafungua nakala zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, akazipanga sakafuni ukurasa uleule. Alizitazama kwa mbali na kwa karibu. Aliwasha taa akazitazama tena. Wote waliopita njia walimwona mwanawe. Yeye, baba, aliona ngozi na shanga, mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Nakala hizo hakukataa kuziuza. Lakini waliowahi kuingia duka lile wanasema kwamba mgeni akifika kwenye ukurasa huo, karani mwenye tai alikuwa akiinuka, anakuja karibu, anaweka kiganja chini ya jalada ili lisigonge.

"Funga polepole, tafazali," alikuwa akinong'ona. "Mutoto iko nalala."