Ndizi ya Siri

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kumlisha mdogo wangu. Tulimwita Bwana Mkubwa, maana alikuwa na miaka mitatu tu lakini aliiamrisha nyumba nzima. Hakula kwa mdomo. Koo lake lilikuwa dhaifu tangu azaliwe, na chochote alichomeza kingeweza kupotea njia kikaingia mapafuni. Madaktari walimwekea mrija mdogo tumboni. Nilinawa mikono, nikamkalisha wima, nikamimina uji mwepesi kwa bomba lisilo na sindano, kisha maji kidogo ya kusafisha mrija.

"Taratibu, mwanangu," Mama alizoea kuniambia. "Haraka haraka haina baraka."

Mama alikuwa fundi cherehani. Nguo za wateja zikizidi, mama mdogo alikuja kushinda na mtoto. Nilimpenda sana mama mdogo. Ndiye aliyenisuka nywele, na ndiye niliyemwambia siri zangu zote.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Bwana Mkubwa anahema kwa shida. Mama, mama mdogo na mimi tulimkimbiza hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, akatugeukia.

"Kuna chakula kimeingia mapafuni. Nani amemlisha kwa mdomo?"

Mama alinitazama mimi. Jana yake nilikuwa nimemwuliza, "Mama, si tumwonjeshe hata kidogo?"

"Si mimi, Mama! Haki ya Mungu si mimi!"

Nilimgeukia mama mdogo anitetee. Akainamisha kichwa.

"Watoto hawa, dada," alisema, "huwezi kuwaamini."

Maneno yale yaliniuma kuliko kofi. Bwana Mkubwa alilazwa, akapata nafuu, lakini tuliporudi nyumbani Mama aliniondoa kwenye kazi yangu. Akamkabidhi mama mdogo. Nikawa mtu wa kuchungulia mlangoni, kama mgeni.

Jumamosi moja Mama alikuwa sebuleni akimpima mteja. Niliingia chumbani kuchukua ufagio. Mama mdogo alikuwa amempakata mtoto, bakuli la ndizi iliyopondwa kando yake, kijiko kinaelekea mdomoni.

"Mama mdogo!"

"Shii! Ni ladha tu. Mtoto gani huyu asiyejua utamu? Nyamaza, mpenzi wangu. Hii iwe siri yetu."

"Kumbe ni wewe," nilisema, machozi yakinitoka. Nilikuwa nimemwamini kwa kila kitu, naye aliniuza ili ajiokoe. Nilikipokonya kile kijiko, nikamwita Mama kwa sauti yangu yote.

Mama aliingia mbio, tepu ya kupimia ingali shingoni. Alitazama bakuli, kijiko, kisha mdogo wake.

"Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

"Nilimwonea huruma, dada. Tukila, anatafuna hewa."

"Na mimi niliyemzaa hainiumi?" Sauti ya Mama ilitetemeka. "Umemlisha, ukanyamaza, ukamwacha binti yangu abebe mzigo wako!"

Akanivuta kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

Siku ileile alimpeleka mtoto pamoja na mama mdogo kwa muuguzi wa hospitali, mama mdogo akaseme mwenyewe alichofanya. Muuguzi alimkagua mtoto, akamkuta salama.

"Huruma isiyouliza inaweza kumzika mtoto," alisema. "Na ukikosea, sema mapema. Sisi hatutibu kwa kubahatisha. Mkimwonea huruma, mlisheni kwa mrija wake mezani, wakati nanyi mnakula."

Jioni tulifanya hivyo. Mama alinirudishia bomba mbele ya wote. Mama mdogo, macho mekundu, aliniomba radhi.

"Nimekusikia, mama mdogo," nilimjibu. Moyo ulikuwa bado unaniuma.

Alinyoosha mkono alipokee bomba anisaidie. Mama akamzuia.

"Mdogo wangu, tumekusamehe," alisema. "Lakini imani haijengwi kwa machozi, hujengwa kwa matendo. Leo kaa hapo, umtazame binti yangu anavyomlisha, ujifunze."