Nyumba Isiyopigwa Hodi

Nakutegea, nawe tega sikio. Uani kwangu kuna kisima. Mtaa mzima huteka, asubuhi na jioni, nacho hakijamnyima mtu. Lakini chenyewe kinakufa kwa kiu. Ni nini hicho?

Usikimbilie kunipa mji. Mwenye kujibu si wewe, na kabla hajajibu, mzee asiye na kosa alilala kwenye sakafu ya mahabusu.

Wizi uligunduliwa Alhamisi asubuhi, katika ghala la diakonia la usharika wa Kilutheri. Diakonia ni ile kazi ya kanisa ya kuwaangalia wagonjwa, wajane na wasio na kitu. Ghala lenyewe ni chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye dirisha la nondo na harufu ya sabuni. Mchungaji aliingia kutafuta blanketi, akainua macho, akakuta rafu ya juu ni tupu. Godoro la hewa halipo.

Hilo si godoro la kulalia wageni. Ni la mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Lina mashine ndogo ya umeme inayolijaza upepo upande huu na kulipunguza upande ule, mwili usije ukaoza kwa kulala mahali pamoja. Usharika ulikuwa umelichangia kwa jasho, na Jumapili ile kamati ilikuwa ikutane ichague mgonjwa wa kupewa.

Aliyekuja kupeleleza alikuwa inspekta mnene, wa mwendo wa polepole, ambaye kituoni walimwita Kobe. Hakukasirika. Alikuwa akisema kobe hana mbio, lakini hajawahi kufika mahali akaambiwa kasahau kitu nyumbani.

Kobe alisimama kizingitini muda mrefu bila kuingia. Kufuli zima, nondo nzima. Koplo wake, binti mwepesi wa mikono, alipaka unga kwenye rafu kutafuta alama za vidole, akazikuta zimejaa tele. Kila mtu wa kanisa alikuwa amelishika lile godoro kwa kulishangaa.

"Afande, huyu mwizi mjinga," koplo alisema. "Kaacha sukari, kaacha mafuta, kaacha mablanketi mapya. Kaondoka na mpira."

"Mjinga angeondoka na sukari," Kobe alijibu. "Huyu alijua anachokitaka."

Ufunguo wa ghala ulikuwa mmoja tu, na ulining'inia shingoni mwa mlinzi, mjane wa siku nyingi, ambaye watoto wa shule ya Jumapili walimwita Babu Kufuli. Aliishi kwenye kibanda cha langoni. Kazi ikimponyoka, na kibanda kinakwenda, na hakuwa na mtoto wa kumpokea. Wazee wa kanisa walikuwa wameshamtia hatiani kabla Kobe hajauliza swali la kwanza. Ufunguo uko kwake, kitu hakipo, ushahidi gani tena unatakiwa?

Kobe alimhoji mle mle kibandani.

"Ufunguo ulimpa nani?"

"Sijampa mtu."

"Uliwahi kuuweka chini?"

"Hata nikioga uko shingoni."

"Nani aliingia ghalani juzi na jana?"

"Hakuna mgeni aliyeingia."

"Umeliuza?"

"Nimuuzie nani, afande? Mwenye shida nalo hawezi kusimama aje kununua."

Koplo aligeukia dirishani kuficha kicheko. Kobe hakucheka. Lakini malalamiko yalikuwa yamekwisha kuandikishwa, na mshukiwa aliyetajwa alikuwa mmoja. Babu Kufuli akapelekwa mahabusu siku ile ile. Jumatatu angefikishwa mahakamani.

Kobe akaanza kumshuku kila aliyepumua. Alimshuku katibu wa usharika, kwa sababu alikuwa mwepesi mno wa kumlaumu mlinzi. Alimshuku hata Mchungaji, kwa sababu alitoka jasho kivulini, mpaka alipoambiwa kwamba Mchungaji hutoka jasho hata akibatiza. Koplo alizunguka maduka ya vifaa vya hospitali, akazunguka na kwa wanunuzi wa mitumba. Hakuna aliyeletewa kitu kama kile.

"Basi halikuuzwa," Kobe alisema. "Kuna mtu amelilalia."

Akaomba kuonyeshwa wagonjwa. Wa kumwongoza alikuwa mmoja tu, naye ni Mama Shemasi, mwenyekiti wa kamati ya diakonia, mama mrefu wa viatu vilivyolika visigino kwa kutembelea watu. Mumewe alikuwa kiongozi wa matarumbeta ya kanisa, lakini siku hizo hakuwapo. Mama mwenyewe alikuwa amewaambia watu kwamba amekwenda kupumzika kwa binti yao, mbali.

Nyumba kwa nyumba walikwenda. Kila mlango Mama Shemasi alipiga hodi kwa namna moja, akauliza kwa namna moja, "Mna haja gani humu ndani?" Huyu alitaja dawa, yule alitaja paa linalovuja. Bibi mmoja kipofu alipapasa mkono wa Kobe, akasema haja yake ilikuwa mume, lakini huyu aliyeletwa ni mnene, atammalizia unga. Kobe alicheka na wenzake, huku jicho lake likipita chini ya kila shuka. Magodoro ya sufi, mikeka, godoro la majani. La hewa hakuliona.

Njiani Mama Shemasi alimtazama. "Na wewe mwanangu, una haja gani?"

"Usingizi, mama. Na wewe je?"

Mama Shemasi alicheka kidogo, akahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule, akasema jua limekuwa kali, wakaze mwendo. Kobe aliona swali lake limebaki pale barabarani, hakuna wa kuliokota. Akaliweka moyoni.

Kule kituoni Babu Kufuli alipata wageni. Askari wa zamu alimsimulia Kobe yote. Katibu alikuja, akasimama mbali, akauliza kama kweli mzee amefanya jambo lile. Mchungaji alikuja, akauliza lile lile kwa sauti ya upole zaidi. Waimba kwaya wakaja, nao wakauliza. Mama Shemasi ndiye aliyekuja asubuhi na jioni, na chakula cha moto, na sweta, na dawa ya kifua.

Kobe akaenda kuketi kwenye benchi karibu na mzee.

"Mama Shemasi huwa anakuuliza nini?"

"Kama nimekula. Kama magoti yananiuma."

"Hajakuuliza kama umeiba?"

Mzee alifikiri. "Hajaniuliza. Yeye peke yake ndiye anayeniamini."

"Anayekuamini, babu, angekuuliza unamshuku nani."

Mzee alivuta sweta aliloletewa, akajifunika kifua.

"Nilipokuuliza nani aliingia ghalani, uliniambia hakuna mgeni. Asiye mgeni je?"

"Asiye mgeni ni yeye. Huja kuchukua vitu vya wagonjwa. Mimi namfungulia, naendelea kufagia."

"Jumatano?"

"Alikuja. Alitoka na furushi la mablanketi. Nilimtwisha mimi mwenyewe." Hapo sauti ya mzee ikapungua. "Lilipopita mlangoni kuna kitu kigumu kiligonga mwimo. Nilidhani ni makopo ya maziwa."

"Ulidhani hivyo siku ile. Leo unadhani nini?"

Babu Kufuli aliitazama mikono yake iliyotwisha. Akamwomba Kobe asiyaandike maneno hayo. Alisema mama yule ndiye aliyemwosha mkewe katika ugonjwa wa mwisho, wakati ndugu walikuwa wanashika pua.

Lakini jambo moja halikuingia akilini mwa Kobe. Kama mama amemwibia usharika ili ampe mgonjwa, mgonjwa huyo yuko wapi? Nyumba zote alionyeshwa. Jumamosi alikwenda kwa Mchungaji, akamkuta ofisini anaandika mahubiri ya kesho yake.

"Mchungaji, hawa wagonjwa hutembelewa kwa utaratibu gani?"

Mchungaji alieleza kwa fahari kidogo. Usharika umegawanywa kwa mitaa, kila mtaa una shemasi wake, na shemasi hupita mlango kwa mlango katika mtaa wake. Hakuna anayesahaulika.

"Na shemasi mwenyewe hupitiwa na nani?"

"Yeye ndiye anayepita."

"Nimekuelewa. Mlangoni kwake hupita nani?"

Mchungaji aliweka kalamu chini. Kobe akamuuliza mara ya mwisho yeye mwenyewe kuingia kwa Mama Shemasi ilikuwa lini. Hakukumbuka. Akamuuliza habari za yule kiongozi wa matarumbeta. Mchungaji alisema hajambo, hutuma salamu.

"Huzituma kupitia kwa nani?"

"Kwa mkewe."

"Salamu zote?"

"Zote," Mchungaji alisema, na safari hii jasho lake lilikuwa na sababu.

Mchana ule Kobe na koplo walifika kwa Mama Shemasi na hati ya upekuzi. Nyumba ndogo, safi, mapazia yamefungwa na jua liko utosini. Uani, nyuma ya ukuta, mashuka yalianikwa kamba nzima. Sebuleni tarumbeta lilitundikwa ukutani, limefunikwa kitambaa. Mezani palikuwa na vikombe viwili, kimoja kina mrija.

Mama Shemasi aliwakaribisha viti. Kobe hakuketi.

"Mashuka mengi, mama, kwa mtu anayelala peke yake."

"Natoka jasho usiku."

"Na mrija?"

Mama Shemasi alinyamaza. Na ule ukimya wake ndio uliomsaliti, maana ndani yake kulisikika mvumo mwembamba kutoka chumba cha nyuma, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Nani yuko kule ndani?"

"Mume wangu," alisema, akaketi sakafuni pale pale aliposimama.

Koplo alisukuma mlango. Mwanamume aliyekuwa akipuliza tarumbeta alfajiri ya Pasaka mpaka mbwa wa mitaa ya mbali wakaitikia alikuwa amelala chali juu ya godoro la hewa. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umekufa ganzi. Mdomo ulikuwa umevutwa kando. Macho tu ndiyo yaliyokuwa mazima, nayo yaligeuka kutazama ukuta. Koplo alivua kofia.

"Mama," Kobe alisema polepole, "hulazimiki kusema neno. Ukisema, litaandikwa."

Alisema yote. Kiharusi kilimwangusha mumewe msimu wa mvua. Siku ambazo ulimi ulikuwa bado unafanya kazi kidogo, alimshika mkewe mkono akamwambia wapuliza tarumbeta wasimwone na mdomo ule. Mkewe akaahidi. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, kwamba amesafiri kidogo. Nao ukazaa, na watoto wake wakazaa. Kisha mgongo ukaanza kuchubuka. Kidonda cha kwanza ungekifunika kwa kidole. Cha mwisho kilikuwa kinaingia ngumi.

"Kamati ingekupa godoro," Kobe alisema. "Kesho hii hii. Kwa nderemo."

"Najua. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Kwa nini hukuomba?"

"Miaka yote hii nawauliza watu haja zao, mwanangu. Mimi nikitoa yangu mezani, nitaingia nyumba ya nani tena? Watanihurumia. Kutoa nimekuzoea. Kupokea kumenishinda."

"Ukamwacha mzee wa watu alale kwenye sakafu."

Hapo ndipo alipolia. Alisema kila asubuhi alitoka nyumbani amekusudia kusema. Alifika, akampa mzee chakula, akarudi na maneno yake mdomoni. Alijua Jumatatu inakuja. Alijiambia atasema Jumapili, na moyoni akajua kwamba hatasema.

Kobe alimtuma koplo na gari kituoni, mzee atolewe mara moja, na Mchungaji apewe habari, aje. Kisha akaandika kwamba kielelezo kimeonekana, na kwamba kitabaki mahali kilipo, kwa sababu kuna mtu juu yake. Mashtaka yataendelea au hayataendelea, alisema, hilo wataliamua wenye mali. Kesho mama angekuja kituoni kutoa maelezo yake.

"Na yeye nani atabaki naye?" Mama Shemasi aliuliza, kisha akauma mdomo kana kwamba ameteleza.

"Barabarani nilikuuliza swali, mama. Hukunijibu."

Mama Shemasi alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Alikuwa anakunja pindo la kanga yake, anakunjua, anakunja tena.

Gari lilirudi. Aliyeshuka kwanza hakuwa Mchungaji. Babu Kufuli alikuja kwa mwendo wake wa magoti mabovu, amevaa sweta lile lile aliloletewa mahabusu, na ufunguo umerudi shingoni. Alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi. Akapiga hodi. Mama Shemasi alijiinamia, hakuweza kumtazama.

Mzee aliuona mlango wa chumba cha nyuma. Akausikia mvumo. Akatazama mashuka uani. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyoisikia mama akiitumia kwenye milango ya watu wote, na mlangoni kwake yeye wakati mkewe anaumwa.

"Mama Shemasi, mna haja gani humu ndani?"

Mama Shemasi alifuta uso kwa kanga, akainuka kwa kushika ukuta.

"Saa yake ya kugeuzwa imepita," alisema, "na mimi peke yangu simwezi. Ingia, kaka. Nishikie bega la pili."