Kona ya Nyuma ya Tangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichota maji kwenye bomba la ua. Nyumba zote zilizouzunguka ua huo zilitegemea bomba hilo moja. Njia ya mkato ilipita nyuma ya tangi la maji, lakini hakuna aliyeipita. Wakubwa kwa wadogo walizunguka mbali na ndoo zao, maji yakiwamwagikia miguuni.

Nyuma ya tangi palikuwa na shimo ambalo halikufunikwa. Msimu wa mvua uliopita lilijaa maji, na mtoto wa pekee wa fundi cherehani akazama humo mchana kweupe, ua ukiwa umejaa watu. Hakuna aliyemwona. Kwa kuwa alipenda kupiga mluzi, watu walimwita Mluzi. Shimo lilifukiwa, na jina la Mluzi halikutajwa tena. Hata Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kusema sana, alifyata ulimi. Mluzi alikuwa rafiki yake. Wakati mwingine ndoo ikiwa inajaa, aliusikia mluzi wake kutoka ile kona, na mwili ukamsisimka.

Jumamosi moja wakazi walikusanyika kupanga ua upya. Mchoraji ramani, mwanamke mpole mwenye viatu vya vumbi, alikuja bila ramani. Alileta gunia la chokaa.

"Ua ni wenu," alisema. "Choreni hapa chini, kwa ukubwa wake halisi. Kisha tuishi humo mpaka jioni, tuone panapotubana."

Wakachora pa kufulia, pa kupikia na pa kuchezea watoto. Wanawake wakajifanya wanafua bila maji.

"Mbona pa kufulia ni pakubwa kuliko kibanda changu?" kinyozi alilalamika.

"Shati lako tu linahitaji nusu yake," bibi yake Chiriku alimjibu, na watu wakavunjika mbavu.

Chiriku hakucheka. Aliona mstari wa chokaa umekaribia tangi, ukapinda, vilevile walivyopinda watu kila asubuhi. Ukuta wa pa kufulia ukijengwa kwenye mstari huo, ungeipa kona ile mgongo. Akamtafuta mdogo wake aliyekuja naye, asimwone. Akasimama walipokuwa wafuaji, kisha pa kupikia, akiangaza kila upande. Mtoto hakuonekana. Alikimbia nyuma ya tangi, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu msiba, akamkuta ameketi juu ya udongo uliofukiwa, akichimba kwa kijiti.

Alirudi amembeba. Aliogopa kusema, na aliogopa zaidi kunyamaza.

"Huu ukuta utaificha ile kona," alisema mbele ya wote. "Mdogo wangu alikuwa kule sasa hivi na hakuna aliyemwona. Kama Mluzi."

Mama yake Chiriku akamfinya. "Nyamaza wewe. Mzazi wake yupo hapa."

"Mwache aseme," fundi cherehani alisema kwa sauti kavu. "Mnaogopa kunikumbusha, jamani? Kwani nilisahau lini? Kila siku nawaona dirishani kwangu mkipazunguka pale, kana kwamba mwanangu alikuwa aibu."

Akaingia kwenye kona na kuufuta mstari kwa mguu. Mchoraji ramani akamkabidhi mkebe wa chokaa. Fundi aliuchora ukuta upya mbali na hapo, akaonyesha tangi lihamishiwe kando ya lango, na ile kona akaiacha wazi mbele ya madirisha yote. Hapo, alisema, ndipo watoto wachezee.

Ua ulijengwa hivyo. Siku ya kwanza watoto walipocheza, fundi alikuja kuketi nao na nguo yake ya kushona.

"Shikamoo, fundi," Chiriku alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Siku ile ulitusaidia sana. Tulifunga midomo kwa kuoneana huruma, nusura tujenge hatari ileile mara ya pili. Mahali pakikutisha, sema, hata wakubwa wakikufinya." Akakata uzi kwa meno. "Na hilo jina la fundi mmenipa baada ya msiba tu. Mimi niite nilivyoitwa zamani."

Chiriku akaketi kando yake.

"Ndiyo, Mama Mluzi," alisema.