Nipigie, Usiniandikie

Duka la vipuri vya umeme lilikuwa limefurika. Watu walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja ameinua kifaa chake kilichokufa, huyu pasi, yule feni, mwingine soketi iliyoungua, wote wakimwita muuzaji kwa pamoja. Katikati yao alisimama kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, bisibisi mbili zikichungulia kwenye mfuko wa kifua. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Haya fundi, wewe nini?" muuzaji aliuliza bila kumtazama.

"Nataka ka..." Kijana akameza mate. "Nataka ka... ka..."

"Kamba?" akasaidia mtu wa nyuma.

"Ka... ka..."

"Kabati! Ndugu yangu, makabati hayauzwi hapa."

Kicheko kikazunguka duka zima. Mwingine akapaza sauti, "Karai!" na muuzaji mwenyewe akashindwa kujizuia. Fundi akatazama chini. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Kwani tunacheza bahati nasibu hapa?" Sauti ya kike ilitoka karibu na mlango, kali kama kengele. "Neno ni lake. Mwacheni alitoe mwenyewe."

Wakageuka. Alikuwa dada mmoja mwenye gauni la njano, nywele zimesukwa zikapandishwa juu kama taji, kwapani amebana draya ya saluni yenye waya uliokatika. Duka likatulia. Fundi akavuta pumzi.

"Kapasita," akasema. "Ya friji."

Alipotoka na kapasita yake hakuondoka. Alisubiri nje, juani, mpaka yule dada akatoka akiwa amekunja uso. Plagi aliyoitaka haikuwapo.

"Da-dada, asante."

"Asante ya nini? Mimi nilikuwa na haraka zangu. Wangeendelea kukisia tungelala mle ndani."

Fundi akacheka, meno yote nje. "Lete hiyo draya."

Akachuchumaa ukingoni mwa barabara, akachomoa bisibisi, akakata waya, akaumenya, akaufunga upya. Yule dada alisimama akimkinga jua kwa kivuli chake mwenyewe, na alipomaliza akamwambia saluni iko nyuma ya kituo cha mafuta, na kwamba kuna draya nyingine mbili zinazokohoa.

Fundi alizitengeneza zote. Halafu akaendelea kuja hata pasipo na kitu kibovu. Jioni, baada ya kazi, alikaa kwenye benchi la wateja akimtazama yule dada, ambaye wateja walimwita Msusi, akisuka, na Shangazi, mwenye saluni na dada wa baba yake Msusi, akawa anamnunia kwanza, kisha akawa anamwekea chai. Msusi alizoea maneno ya Fundi yanavyokuja, mengine yakiteleza, mengine yakikwama mlangoni. Hakumsaidia hata moja. Alingoja tu, mikono ikiendelea na nywele.

Simu ndiyo iliyokuwa taabu.

"Simu haina uso," Fundi alimweleza siku moja wakitembea. "Wewe hapa unaniona na-nahangaika, unajua neno liko njiani. Kwenye simu wanasikia kimya tu. Haloo, haloo, wanakata."

"Mimi nitakata?"

"Wewe hu-huwezi."

Kwa hiyo aliandika. Na lo, mtu huyo alikuwa anaandika! Msusi aliamka na kukuta meseji ndefu zilizojaa vichekesho na mambo aliyoyaona: mzee anayebishana na baiskeli yake, harufu ya mvua kwenye bati. "Leo nimekuwaza mpaka nimefunga feni kinyumenyume, bibie. Inavuta badala ya kupuliza. Mwenye duka anakudai wewe." Alizisoma kwa sauti saluni nzima, na wateja walikuwa wanauliza, "Fundi kaandika nini leo?"

Kisha kazi ikaja. Kampuni moja ilikuwa inajenga ghala la matunda katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na ikamtaka Fundi afunge vyumba vya baridi. Mkataba wa mwaka mzima. Kwenye kituo cha mabasi Msusi alimshika kola ya shati jipya jeupe.

"Nataka sauti yako. Nimeshaizoea. Meseji utaniandikia, lakini sauti nayo niipate."

"Kwa a-ajili yako nitapiga."

Akapiga kweli. Kila asubuhi kabla saluni haijafunguliwa Msusi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu sikioni, akisikiliza pumzi na vipande vya maneno kutoka mbali. Maongezi yenyewe yalikuwa mafupi, ila siku nzima iliyofuata alitembea kama mtu aliyelala vizuri.

Siku moja Fundi alipiga mchana. Alikuwa na habari njema, msimamizi alikuwa amempandisha cheo, na hakuweza kungoja kesho. Msusi alikuwa na mikono miwili kwenye dawa ya nywele, glavu zinachuruzika, mteja amejaa povu jeusi kichwani. Mteja huyo alikuwa mama mmoja, karani wa mahakama, mcheshi anayependa kuchekewa.

"Shangazi, nipokelee! Weka spika!"

Shangazi akabonyeza.

"Bibie! Nime... nime... nimepa..."

Draya zilikuwa zinanguruma. Wateja walikuwa wamenyamaza, wanasikiliza.

"Nipo mpenzi, nakusikia. Mikono ina dawa. Nikupigie jioni?"

"Sa-sawa."

Msusi akaendelea kupaka. Karani akainua kichwa chenye povu, akakodoa macho, akaweka mkono sikioni kama simu. "Ni-ni-nime-nimepa-pa-pa!" Saluni ikaangua kicheko. Msusi akamgonga begani kwa kitana, "Acha wewe!", lakini naye kicheko kilimponyoka, kifupi, cha puani.

Jioni alipiga simu. Haikupokelewa. Ikaja meseji: "Nimechoka bibie. Tuandikiane tu."

Tangu hapo sauti ikakatika. Akipiga, simu inaita mpaka inakata, kisha meseji inaingia: mtandao mbaya, niko juu ya ngazi, kuna kelele. Akituma meseji ya sauti, tiki mbili zinageuka bluu, na jibu linakuja kwa maandishi. Na maandishi yenyewe yalikuwa yanakonda. Mzee wa baiskeli hakuonekana tena. Ilibaki "umeamkaje," "nimekula," "sawa."

Msusi alianza kukaa na simu mapajani kama mtu anayeuguza. Aliona juu ya skrini, *anaandika*, moyo ukamruka. Ikazimika. *Anaandika* tena. Ikazimika. Halafu: "Usiku mwema." Mara moja aliona *anarekodi*. Ilidumu, ilidumu, kisha ikapotea, na hakuna kilichokuja.

"Amerekodi nini kirefu hivyo halafu akafuta?" alimuuliza Shangazi.

"Mwanangu, mwanamume akikataa kuongea na simu, yupo mtu pembeni anayemsikia."

"Hapana. Huyu hapana."

"Hata mimi nilisema hivyo kuhusu mume wangu wa kwanza."

Neno hilo lilimwingia kama uchafu jichoni. Akawa anazisoma meseji za zamani na kuzilinganisha na za sasa, anapima urefu wake, anatafuta saa aliyoonekana mtandaoni bila kumsalimia. Yeye mwenyewe akaanza kuandika kwa kukata. Akiulizwa "vipi," anajibu "poa." Huko mbali, Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda cha kambi, akaitazama ile "poa," akaona kwamba mwenzake amechoka kubeba mtu asiyeweza kumaliza sentensi.

Jumapili moja Msusi aliandika, akafuta, akaandika: "Kama umepata mwingine niambie. Kama sivyo nipigie sasa hivi. Usipopiga, basi tuachane."

Bluu. *Anaandika*. Ikazimika. *Anaandika*. Muda mrefu.

"Sawa."

Hakulia palepale. Alifua taulo zote za saluni, hata zilizokuwa safi.

Wiki zikapita. Msusi alisuka, akapaka, akacheka palipotakiwa kucheka. Lakini asubuhi bado alikuja mapema, akakaa juu ya ile ndoo bila sababu, mkono sikioni, na Shangazi aliyemkuta hivyo siku mbili mfululizo alijifanya anatafuta funguo. Alikuwa na hamu naye vibaya sana. Hakuyakosa yale maandishi. Hayo yalikuwa bado kwenye simu, angeweza kuyasoma hata leo. Alikosa kile kituo kidogo kabla ya neno, pale alipokuwa anajua kwamba mtu huyo anapigana kulileta kwake.

Yule karani akarudi kutia dawa upya. Alipokaa tu akageuka, macho yanacheka. "Na yule wako wa ni-ni-nimepa, bado yupo?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Msusi alisimama na glavu moja mkononi. Kitu kilimgonga ndani.

"Shangazi. Siku ile alipopiga, nani alikata simu?"

"Siku ipi?"

"Nilipokuwa nampaka dawa huyu. Ulikata wewe?"

Shangazi akafikiri. "Mimi nilipokea nikarudi kwenye sinki. Si ulikata wewe?"

"Mikono yangu ilikuwa na dawa."

Walitazamana. Draya ikaendelea kunguruma juu ya kichwa kisichokuwa na habari. Msusi akavua glavu, akakaa chini taratibu kama mtu aliyepewa habari za msiba. Simu ilikuwa wazi. Fundi hakuwa amekata, maana alikuwa amezoea kungoja yeye akate. Alisikia yote. Alisikia karani, akasikia saluni, na kwa jinsi alivyomjua, alikitambua kile kicheko cha puani katikati ya vyote.

"Mwandikie sasa hivi," Shangazi alisema. "Mwombe radhi."

"Siandiki, Shangazi. Kwa hili siandiki."

Alipanda basi la alfajiri akiwa amevaa lile gauni la njano, kibegi kimoja mkononi. Alifika ghalani jua linaelekea kuzama, miguu imevimba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mlinzi alimwonyesha mlango mzito wa chuma. "Fundi yuko mle. Huwa anajifungia, eti anapima baridi."

Msusi akausukuma. Ubaridi ukampiga kifuani. Ndani, kati ya rafu zenye maembe ya majaribio, Fundi alikuwa amempa mgongo, koti zito mwilini, anaongea peke yake. Mvuke ulimtoka mdomoni kwa kila neno, na maneno yalikuwa yanakwenda moja baada ya jingine bila kukwama popote.

"Nilitaka kukuambia nimepandishwa cheo, bibie. Nilitaka uwe wa kwanza kujua. Sikukasirika. Niliona aibu tu, nikaona bora nikuandikie, halafu hata kuandika kukanishinda, kwa sababu kila nikiandika nakusikia unacheka..."

"Nilicheka," Msusi alisema.

Fundi akageuka ghafla hata bisibisi ikaanguka. Mdomo ukafunguka. Hakuna kilichotoka.

"Nilicheka. Sikuja kukuambia sikucheka. Yule mama alikuigiza, na mimi nikacheka, na sikujua uko kwenye laini. Lakini hata usingekuwepo, ilikuwa vibaya." Meno yalikuwa yanamgongana. "Nikadhani una mwanamke."

"Mwa... mwanamke?" Fundi alishangaa kweli. "Wa wa-wapi? Humu kuna maembe tu."

Msusi akacheka na kulia kwa pamoja. Fundi akavua koti, akamvika, akambana humo humo ndani ya koti.

"Ile 'sawa' uliyoniandikia ilikuwa na maana gani?"

"Ilikuwa mwa-mwanzo. Nilitaka kusema, sawa, ngoja nikueleze. Kidole kikatuma. Nikaona uko kimya, nikajua umekubali."

"Na mimi nikajua umekubali."

"Si-sisi wote wajinga."

"Wewe zaidi. Sasa sikiliza. Sitakuweka spika tena maisha yangu yote. Ukipiga nitanawa mikono kwanza, mteja angoje, nywele ziungue. Na ukikwama, kwama. Mimi nasikia hata ukipumua."

Msusi alirudi kwao kesho yake, kwa sababu wateja walikuwa wanamngoja na mkataba wa ghala ulikuwa bado na miezi. Umbali ulibaki uleule, na hamu nayo ikabaki, ila haikuwa tena na sumu. Fundi alipiga jioni, saluni ikifungwa. Mara nyingine hawakusema mengi. Yeye alisikia taulo za saluni zikikung'utwa, Msusi akasikia kule sahani ya bati, kijiko, lori likipita, na mtu wake akitafuna. Walikaa hivyo, kila mmoja kwake, mpaka salio likawakata.

Jioni moja simu iliita mapema kuliko kawaida.

"Ngoja ninawe, kipenzi." Maji, taulo, kisha sikio. "Haya, nipo."

"Ju-jumamosi nakuja."

"Kazi imeisha?"

"Bado. Nimeomba ruhusa. Nakuja na... na ba..."

Neno likakwama. Msusi akaegemea ukuta. Pumzi ya Fundi ilipanda ikashuka, kule mbali mlango wa chuma ukafungwa, hatua za mtu zikapita zikaisha. Shangazi alikuwa anafagia. Alipoona uso wa binti wa kaka yake akausimamisha ufagio.

"...na baba mdogo."

Msusi akalisikia, akalirudia moyoni. Hakuna mwanamume anayesafiri kutwa nzima na baba yake mdogo kwa ajili ya kuja kusalimia.

"Baba mdogo anakuja kufanya nini?" aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imeanza kukwama.

"Kuongea na wa-wazee wako. Yeye akianza hanyamazi. Nimeona a-aniongelee yeye."

"Mwambie aje, ale, anyamaze," Msusi alisema, akifuta macho kwa taulo yenye harufu ya sabuni. "Utaongea wewe. Baba yangu amestaafu, ana muda wa kutosha."