Alitikisa Kamera Makusudi

"Rudi nyuma! Umenikata kichwa!"

"Sijakukata."

"Fundi, hapo kichwa changu kimebaki nje ya picha. Na usivute kwa lenzi, tumia miguu yako."

Fundi alirudi hatua mbili mpaka mgongo ukagusa rafu ya vitambaa. Vidole vilimtoka jasho, na kamera ilimteleza kidogo alipoweka sawa mkanda shingoni. Leo ilikuwa siku ya mtihani.

Miezi miwili mfululizo mwalimu wake, kijana anayepiga video za harusi, alikuwa akija kila Jumanne kwenye duka lake la ushonaji kumfundisha kamera, ili aweze kutangaza nguo zake mitandaoni. Mtihani wenyewe ulikuwa kumpiga Mwalimu akishona kifungo cha shati. Kwanza picha ya mbali inayoonyesha duka zima, kisha ya kati kuanzia kiunoni, mwisho ya karibu, mikono na sindano tu. Akifaulu, masomo yamekwisha. Mwalimu alikuwa amepata kazi mji mwingine, na mwajiri alitaka neno lake la mwisho leo, kabla ya saa kumi.

Sasa nikunong'oneze jambo, msomaji wangu. Fundi alikuwa muongo wa kutupwa. Picha zote hizo alizijua tangu wiki ya pili. Alikuwa akiitikisa kamera makusudi, ili Mwalimu asimame nyuma yake, amshike viwiko na kumwambia, "Vibane mbavuni, halafu shusha pumzi." Viwiko vilibanwa, lakini pumzi haikushuka hata siku moja.

Ila leo aliapa hatatikisa. Mwana wa watu apate kazi yake aende. Yeye atakufa na tai shingoni.

"Tayari?" aliuliza Mwalimu.

"Tayari."

Akabonyeza. Akahesabu mpaka kumi kama alivyofundishwa, mkono umetulia tuli. Akabonyeza tena.

"Safi sana," Mwalimu alisema, kisha akaruka. "Uwii! Nimejichoma!"

"Mwanaume mzima unalia kwa sindano?"

"Silii, natoa taarifa."

Alitoka nje kuosha kidole bombani. Fundi aliiweka kamera juu ya meza ya kukatia, akamsogelea shangazi yake aliyekuwa akipiga pasi pembeni, wakanong'ona. Mwalimu aliporudi wakanyamaza wote wawili.

Picha ya kati nayo ikapita vizuri. Mara mteja akabisha hodi, amefuata gauni lake, na Fundi akaiacha kamera mezani, akaenda kumhudumia mlangoni. Aliporudi alimkuta Mwalimu ameinama juu ya kifungo chake, na shangazi anakohoa kikohozi cha uongo.

Ikabaki picha ya karibu. Fundi alipiga magoti mbele ya ile mikono. Alitazama mikono, hakutazama kitu kingine chochote kwenye kioo cha kamera. Macho yalimchonyota, lakini kamera haikucheza.

"Umefaulu," Mwalimu alisema polepole, kama mtu aliyepewa habari mbaya. "Hata bila kuangalia, najua umefaulu."

Simu yake ikalia. Ujumbe: "Tunasubiri jibu lako. Mwisho saa kumi." Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Wajibu basi," alisema Fundi.

"Kwanza nione kazi ya mwanafunzi wangu."

Alichomeka kadi kwenye kompyuta. Video ya kwanza ikafunguka. Ilionyesha sakafu, mkanda wa kamera ukining'inia, na sauti ya Mwalimu ikiuliza, "Tayari?" Halafu ikakatika.

"Hii nini?"

"Sijui!"

Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akajipiga paji la uso. "Ulibonyeza bila kujua ulipokuwa unaweka sawa mkanda. Kwa hiyo nilipokuambia tayari, ukazima. Ulipodhani umezima, ukawasha. Nimekuambia mara ngapi uangalie kile kidoti chekundu cha kurekodi?"

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Miezi miwili ya makosa ya kubuni, na siku aliyoamua kuwa mkweli ndipo likaja kosa la kweli. Halafu Fundi akakumbuka kamera ilipokuwa wakati ananong'ona. Akairukia kompyuta.

"Usifungue ya pili!"

"Kwa nini?"

"Haina kitu!"

Alikuwa amechelewa. Kwenye kioo lilionekana dari la duka, na sauti yake mwenyewe ikatoka bila aibu.

"Shangazi, najua kupiga tangu wiki ya pili. Nilikuwa natikisa mkono ili anishike viwiko."

"Eh! Mwambie basi, mwanangu. Mficha uchi hazai."

"Nimwambie nini, na begi keshafunga? Leo nitafaulu, aende zake kwa amani. Nampenda, Shangazi, ndiyo maana. Apa hutamwambia."

"Naapa."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze na cherehani zake zote. Alichukua futi ya kupimia akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sasa cheka," alisema. "Cheka uondoke."

Mwalimu hakucheka. Yeye naye alikuwa ameikodolea macho video ya tatu, uso umembadilika.

"Hiyo nayo haina kitu," alisema haraka. "Tuifute."

"Hee! Yangu tumeisikiliza mpaka mwisho, yako tuifute? Lete hapa!"

Fundi akabonyeza mwenyewe. Dari lile lile. Mlangoni kwa mbali alisikika mteja akisifia gauni. Karibu na kamera, sauti ya Mwalimu.

"Shangazi, unadhani sijui kwamba anatikisa makusudi? Mtu anayetunga uzi kwenye sindano mara moja bila miwani, atatetemeshwa na kamera? Nilinyamaza nisikose sababu ya kuja."

"Kwa nini humwambii?"

"Nilijaribu. Nilimwandikia, 'Nikikuambia jambo utanichukia?' Akanijibu, 'Kama ni la kamera, niambie.' Nikaona ananifanyia mzaha tu. Bora niende mbali, kuliko siku moja kuitwa kupiga video ya harusi yake na mtu mwingine. Apa hutamwambia."

"Naapa tena."

Wote wawili wakamgeukia shangazi.

"Shangazi! Ulijua?"

"Mnanitazama nini? Mmeniapisha mmoja baada ya mwingine, nifanye nini? Pasi yenyewe karibu iniunguze kwa kuwaza." Akaitazama saa ya ukutani. "Imebaki robo saa. Semeni wenyewe, nimechoka kuwatunzia siri."

Fundi akaiweka futi mezani.

"Lile jibu langu la kamera," alisema, sauti ikimtetemeka, na safari hii si makusudi. "Niliandika majibu matano, nikayafuta. Niliogopa. Usiende."

Simu ikaita. Mwalimu akapokea macho yakiwa kwake.

"Ndiyo, bosi... Nashukuru sana, ila siji... Hapana, si mambo ya mshahara. Nina mwanafunzi amefeli mtihani, lazima nibaki naye."

Alipokata, Fundi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Nimefeli kweli?"

"Umepata sifuri. Njoo hapa."

Akamshika viwiko, safari hii kwa mbele, na Fundi akashusha pumzi yote ya miezi miwili. Shangazi akarudi kwenye pasi yake akijifanya haoni.

Harusi ikafungwa mwaka ule ule. Shangazi aligoma aletwe mpiga picha wa kukodi, akasema kamera anaijua, masomo yote aliyasikia akiwa kwenye pasi. Akasimama mbele kabisa, viwiko mbavuni, akabonyeza kwa kujiamini.

Kwenye ile video kiapo hakimo, wala pete. Kuna viatu vya shangazi, majani ya uwanjani, na sauti yake akipenga kamasi na kusema, "Asante Mungu, mwanangu kaolewa na anayempenda." Wanandoa huiangalia kila mwaka.