Kipandio cha Shangazi

Maiti ya Shangazi ilikuwa chini ya ngazi mpya ya darini. Kando yake palikuwa na kipandio kimoja cha mbao, kizima kabisa. Hakikuvunjika. Kilichomoka.

Inspekta alikiokota kwa glavu, akakinusa.

"Gundi tupu. Nani katengeneza hii ngazi?"

"Watoto wa kaka yake," jirani alijibu. "Aliwalea mwenyewe, wote wawili. Jamani, na leo wao ndio mafundi!"

Mchana huohuo mdogo mtu alikuwa mahabusu. Walimwita Dogo, ingawa ndevu zake zilishaota mvi. Alikiri bila kuzungushazungusha: yeye ndiye aliyechonga ndimi za vipandio, zile ncha za kuchomekwa, na matundu ya kuzipokea.

"Ulimi una unene gani?"

"Milimita kumi na mbili."

"Na tundu?"

"Kumi na mbili."

"Mbona umechomoka kama jino bovu?"

"Sijui, afande. Nilipima kwa kalipa, kile kipimo cha taya chenye kioo cha namba. Kisha nikamwachia kaka aunganishe." Akaanza kulia. "Nifunge ukitaka, lakini kesho niache nimzike. Yule ni mama yangu."

Karakanani, kaka mtu, Fundi Mkubwa, alikuwa anapiga msasa jeneza. Hakuinua macho.

"Kalipa imepotea. Kitu chenyewe cha bei ya kutupa. Nilimwambia Dogo, urahisi utatuponza. Hasikii yule!"

Kuhusu kalipa, Inspekta alikuwa mbumbumbu. Akaenda duka la vifaa, akaomba ileile waliyonunua wale ndugu. Mama muuzaji akamwekea ya plastiki mezani.

"Usiidharau. Kwa mbao inatosha, wewe hupimi injini ya ndege. Funga taya, isome sifuri. Fungua, funga tena. Ikirudi sifuri, chukua. Isiporudi, hata kama ni ya chuma na bei yake inauma, niachie mwenyewe."

"Yao ilirudi?"

"Kila mara! Dogo alinichosha kwa kuijaribu. Kaka yake ndiye alikuwa amenuna, eti taya zitachubua mbao. Nikamwambia basi zizungushie tepu."

Inspekta alichomoa pochi. "Nipe na tepu."

Kituoni, ambako ngazi na kipandio chake vilikuwa vimeletwa kama ushahidi, alizungushia tepu taya kubwa, zile za kubana kitu kwa nje, mpaka zikanenepa. Akazifunga, akabonyeza kitufe cha sifuri. Akabana ulimi wa kipandio: kumi na mbili. Kisha akaingiza ndani ya tundu zile taya ndogo za mgongoni, ambazo hazikuwa na tepu. Kumi na mbili.

Akabandua tepu, akaanza sifuri upya. Ulimi, kumi na mbili. Tundu, kumi na nne.

"Lo!" alisema peke yake. Tepu ilikuwa imeziacha taya kubwa ziseme kweli, ikazifanya zile ndogo zidanganye, maana sifuri ilipobonyezwa zilikuwa zimeshaachana milimita mbili. Kalipa haikuwa na kosa, na Dogo alichonga alivyosomewa.

Alirudi karakanani. Jeneza lilikuwa tayari lina kitambaa cheupe ndani.

"Tepu ulizungusha wewe?"

"Tepu gani?"

"Uliyoambiwa dukani."

Mkono uliokuwa unapiga msasa kifuniko ulisimama.

"Dogo aliiona, hakuwaza kitu," Inspekta alisema. "Na wewe hukuwaza. Lakini wewe ndiye uliyeunganisha. Ulimi ulicheza, sivyo?"

Fundi Mkubwa alikaa chini, juu ya maranda.

"Ulicheza. Kila kimoja kilicheza. Nikajaza gundi na unga wa mbao. Shangazi amesimama mlangoni ananitania, 'Uzee umekuanza kabla yangu?' Niliona aibu kumwambia sijui nimekosea wapi. Nikamwambia, panda tu, mama."

"Kalipa iko wapi?"

Aliinua kitambaa cheupe, mahali ambapo kichwa cha Shangazi kingelala. Ilikuwa pale, na tepu yake.

"Nilitaka aende nayo."

"Ukamwacha ndugu yako ndani?"

"Nilipoona kipandio kimechomoka, nilielewa yote. Lakini alinilea, afande! Alijinyima usingizi kwa ajili yangu, akaninunulia randa yangu ya kwanza. Nilishindwa kuwa mimi niliyemuua. Nikaacha awe Dogo." Akajipiga kifuani. "Mimi ni mtu mbaya. Mlete azike."

Jioni Dogo aliletwa, wakakutana mlangoni, mmoja anatoka na pingu, mwingine anaingia bila pingu. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu njiani. Fundi Mkubwa hakuthubutu kumtazama.

"Kifuniko nimekimaliza," alisema. "Kimekaa sawasawa."

Maisha yake yote Dogo hakuwahi kuikagua kazi ya kaka yake. Alilisogelea jeneza, akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko, akakitikisa.

Hakikucheza. Akakitikisa tena.